Mkunde Amtembelea Jirani wa Korongoni

Mko macho? Haya, sogeeni.

Alikuwapo mjane, Mkunde, wa kijiji kikavu juu ya korongo. Miaka yote alisikia maporomoko yakinguruma kule chini, yale yanayosifiwa nchi nzima, na alikuwa hajawahi kuyaona. Waliokwenda kuomba mali hawakurudi. Zimwi la maji liliwageuza mawe. Asubuhi moja Mkunde alifunga ndizi mbivu kwenye khanga, akashuka.

Alipofika alisahau hata magoti yanayomuuma. Maji yalishuka meupe pe! Akasimama akicheka peke yake.

Zimwi likachungulia kati ya maji. “Umefuata nini?”

“Shikamoo, jirani. Nimekuja kukujulia hali.”

“Marahaba. Umefuata nini?”

“Nimekuletea ndizi.”

Likala zote, kisha likanguruma: “Mama, mara ya tatu, umefuata nini?”

Mkunde akayatazama yale mawe. Akaukumbuka mtungi wake mtupu. Lakini nani huenda kwa jirani mara ya kwanza akaanza kuomba?

“Nilikuja kukutembelea tu. Nimekuona, nimefurahi. Sasa naaga.”

Zimwi likafuta machozi. “Mgeni wangu wa kwanza! Ngoja nikusindikize.”

Likapanda naye mlima, maji yakilifuata nyuma chururu, chururu, chururu, hadi mlangoni kwa Mkunde.

“Sasa umefika kwangu,” akasema Mkunde, “utaondokaje bila kuketi? Karibu.”

Likaketi, na maji yakaketi nalo. Kijito kile, jamani, hakijaaga mpaka leo.