Nani Atampa Jina Mtoto wa Ngwali

Ijumaa ya mwisho ya Machi, watu wakitoka kuswali alasiri, mto Luhanga ulimchukua Ngwali, mume wa Mwanahawa. Alikuwa akivuka kwa mtumbwi, kati ya nguzo mbili za daraja lisilomalizika.

Sikilizeni taratibu, maana hadithi hii haitaki haraka. Katika nchi ile walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mbunge Likanga alipewa ulimi: akisema, hata mpinzani wake hukubali. Rais Kuziwa alipewa sikio: husikia balaa ingali mbali. Somoe, muuguzi wa zahanati, alipewa moyo: hamwachi mgonjwa hata ndugu wakishamwacha.

Likanga alisimama bungeni akasema, "Waheshimiwa, kila masika tunazika." Bunge likapitisha fedha za daraja. Nguzo mbili zikasimamishwa. Bila ulimi wake, pasingekuwa na hata senti ya kubishania.

Rais Kuziwa akazizuia fedha zilizobaki. Sheria haikumpa ruhusa hiyo. Waliomkumbusha aliwajibu kwa upole, "Bunge limeamua, nami nimesikia. Lakini mwaka huu una homa ndani yake. Fedha zitakaa." Zikakaa. Mvua zikaja, mto ukawa mwekundu, viboko wakapanda nchi kavu. Ndipo Ngwali alipokwenda.

Kisha homa ikaja kweli. Ilianza na wajawazito. Somoe akaenda ikulu, akakaa mlangoni bila kula mpaka fedha zile zikatolewa kununua dawa. Akavuka Luhanga nazo, kwa mtumbwi, maji yakiwa yale yale. Alimkuta Mwanahawa yuko eda, ana mimba ya Ngwali, mwili unawaka moto. Akamnywesha, akamkesha. Mwanahawa akajifungua mtoto wa kiume, mzima.

Desturi ya huko ni hii: mtoto aliyenusurika kifo hupewa jina na aliyemwokoa, mbele ya watu, siku ya saba. Wakaja wote watatu.

"Waokozi watatu kwa kichanga kimoja," akasema Bi Hadia, mama yake Ngwali. "Hata mbuzi wa akika hatoshi."

Rais akaketi mkekani kama watu wengine. "Mwanahawa, mwanangu, pole kwa msiba. Lakini lau ningelijenga daraja, leo mumeo angekuwa analia juu ya makaburi mawili."

"Dada yangu," akasema Likanga, "lau ningelisikilizwa, mtoto huyu angekuwa na baba. Ukimpa yeye heshima hii, mwakani atazuia na fedha za visima, aseme kuna kitu amesikia. Na siku akisikia vibaya, nani atamwuliza?"

"Za visima nimeshazizuia," akasema Rais, kwa upole ule ule.

Nje, ng'ombe walikuwa wakilia kiu; viboko walikuwa wameziba njia ya mtoni.

"Nawe Somoe?" akauliza Bi Hadia.

"Mimi nilishika kikombe, mama. Lakini kikombe hakikuvuka mto chenyewe."

Mwanahawa akamtazama mwanawe. Akimchagua Rais, atamshukuru mtu aliyeziacha nguzo zile bila mbao, na visima vitabaki makaratasini. Akimchagua Likanga, atakuwa amesema kwamba fedha zile zilipaswa kutumika mapema, naye anajua kwamba hapo mwanawe asingekuwapo. Akimchagua Somoe, atakuwa amemheshimu aliyetia dawa kinywani, lakini fedha alizikuta zimetafutwa na mmoja na kuwekwa na mwingine. Na Rais ataondoka akisema, hata mjane hakunilaumu.

"Mwanangu," akasema imamu, "tunangoja."

Mwanahawa akafungua kinywa. Hadithi yangu inakomea hapo.

Watatu walimleta mtoto yule duniani, na mmoja wao ndiye aliyemfanya yatima. Je, wewe ungeamua vipi?

Kabla hujajibu, tumwombee marehemu. Ewe Mola, msamehe Ngwali, lipanue kaburi lake, lijaze nuru. Uwarehemu wote waliochukuliwa na maji na waliochukuliwa na homa, na sisi tuliobaki utupe subira. Amina.