Sanda ya Faki na Elfu Moja ya Mashine

Hapo zamani, wala si zamani ya babu zenu, maana mashine za risiti zilikuwa zimeshafika na wajinga wa kuziamini walikuwa tele, palikuwa na mji mmoja usio na lolote la kujivunia ila supamaketi ya Tajiri Gharibu.

Sheria ya mji ule ilikuwa nyepesi. Kodi ni sehemu ya kumi ya bei ya bidhaa. Ya bidhaa tu! Ada ya kukata kitambaa haina kodi, ada ya mfuko haina kodi. Hata mtoto wa chekechea angeelewa.

Gharibu akamwita Faki Machano, fundi wa mashine, akamwambia, "Faki, nataka risiti nono." Hakusema inenepeshwe vipi. Faki alikuwa mtu wa miwani na kalamu mbili mfukoni, na akili zake zote zilikaa upande mmoja, upande wa bosi. Akaiamuru mashine ikusanye bidhaa, ikusanye na ada, halafu itoze kodi juu ya lundo zima. Kilichozidi hakikwenda serikalini, kilibaki kwa Gharibu. Na Faki akapata nini? Saa ya ukutani. Eti mfanyakazi bora! Akaitundika sebuleni, kila mgeni akionyeshwa.

Gharibu naye akaongeza la kwake. "Sarafu hakuna. Hesabu isipotimia elfu, ipandishwe itimie." Ipandishwe, mnasikia? Kushushwa hakukutajwa. Na kitu kikishapigwa kwenye mashine hakifutiki bila neno la siri, na neno la siri alilijua Faki peke yake.

Kwenye kaunta alikaa keshia, Zawena. Huyu alimpigia kila mteja mfuko, aombe asiombe, kwa sababu mifuko iliyobaki jioni ilikatwa kwenye mshahara wake. Ile kodi ya lundo aliigundua mwezi wa kwanza. Akanyamaza. Lakini sukari yake mwenyewe alikwenda kununua mtaa wa tatu!

Miaka tisa ikapita hivyo. Watu wakilipa, wakisonya, wakienda zao. Bi Time, muuza vitumbua, aliyenunua unga pale kila siku, risiti zake aliwashia jiko.

Asubuhi moja Faki akafa. Akaoshwa, akalazwa, ikabaki sanda, na maziko ni kabla ya alasiri. Mdogo wake, Vuai, akapewa shilingi elfu ishirini na nne zilizobaki kwenye michango, akakimbilia supamaketi, maana siku ile bafta, kitambaa cheupe cha sanda, haikupatikana kwingine.

Vuai akapiga hesabu kwa vidole. Bafta elfu ishirini. Ada ya kukata elfu mbili. Kodi ya bafta elfu mbili. Ishirini na nne kamili! Akashukuru Mungu, akapanga foleni.

Zawena akapiga bafta. Akapiga ada ya kukata. Akapiga na mfuko, mia tano. Mashine ikakoroma: ishirini na nne elfu, mia saba na hamsini. Ikapandisha: elfu ishirini na tano.

"Mfuko sikuomba, dada yangu. Nitaibeba begani."

"Umeshapigwa, kaka."

"Ufute basi."

"Mpaka neno la siri."

"Mwite mwenye neno la siri!"

Zawena akainamisha kichwa. "Ndiye unayemnunulia sanda."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Vuai hakucheka. Kaka yake amelala uchi chini ya shuka la kuazima, jua linapanda.

Gharibu akatoka ofisini, tumbo mbele. "Pole sana, Vuai. Faki alikuwa kama mwanangu. Lakini hatukopeshi, na bila mashine hatuuzi. Mashine haikosei, marehemu mwenyewe alikuwa akisema."

Kama mwanawe! Elfu moja imemshinda, na amesimama mbele ya rafu kumi za biskuti.

Bi Time, aliyekuwa kwenye foleni kununua unga wake, akasikia haya. Akafungua pindo la khanga, akatoa elfu moja, mtaji wa unga wa kesho, akaibwaga kwenye kaunta. "Chukueni. Mvisheni mwenzenu."

Faki akavishwa sanda. Jeneza likawekwa uani, watu wakajipanga. Imamu akauliza kama ilivyo ada, "Nani anamdai marehemu? Aseme, au amsamehe."

Kwa kawaida hapo watu huitikia, "Tumemsamehe," wakabeba wakaenda. Siku ile, upande wa wanawake, sauti ikatoka.

"Mimi namdai. Elfu moja ya leo, na za miaka tisa sijui ni ngapi. Risiti ya sanda nimeisoma, kodi imetozwa hata juu ya ada!"

Vuai akasema, "Bibi, deni ni letu sisi ndugu."

"Sitaki ya ndugu, mwanangu. Wewe umeibiwa kama mimi. Nataka ya mwenye kosa, nikiishika mkononi nasamehe. Bila hiyo sisamehi."

Gharibu akarukia. "Mimi nilitaka risiti nono tu. Hesabu ya wizi aliitunga Faki. Mnidai mimi kwa akili za mtu mwingine?"

Zawena akalia. "Mimi nilibonyeza. Nisingebonyeza ningelala njaa. Na katika wizi wote haikuingia hata senti mfukoni mwangu."

Mke wa Faki akasema kutoka dirishani, "Mume wangu alitumwa, na alichopata ni hii saa. Ichukueni!" Akaitoa nje, bado inatembea.

Mzee mmoja wa foleni akanong'ona kwamba hata Bi Time ana lake, miaka tisa analipa bila kusoma risiti. Bi Time akamsikia. "Na wewe ulisoma?"

Jeneza liko uani. Adhana ya alasiri inakaribia. Imamu ameshika kichwa, wabebaji wameinama wakainuka, wameinama wakainuka.

Haya, nyinyi mnaojifanya mna akili, na nyote jana mlitoka dukani bila kusoma risiti zenu! Aliyetaka, aliyetunga, aliyebonyeza, au aliyelipa akanyamaza: ni nani wa kuweka ile elfu moja kwenye kiganja cha Bi Time, ili Faki azikwe?