Mikuki ya Mpapai

Ngano, jamani! — Ije!
Ije na nini? — Ije na chumvi yake!

Kwii-hi-hi! Kwii-hi-hi! Usiku wa manane, wanangu, Fisi anacheka nyuma ya boma. Hapo zamani za kale sana, wanyama walipokaa boma moja, kicheko hicho ndicho kilichomtoa Mama Kanga usingizini. Akawakusanya vifaranga chini ya mbawa, moyo unamdunda, du, du, du, maana mumewe ndiye mlinzi wa lango. Na mkononi ana nini? Mkuki mpya wa Chifu Nyati.

Mkuki wenyewe sasa! Mafundi hodari wa mikuki walikuwa ukoo wa Nungunungu, lakini ukoo huo haukumshangilia Nyati siku ya kutawazwa. Basi Nyati akaigawa kazi kama nyama ya sherehe, kwa waliomshangilia. Ngiri apewe chuma, Swala apewe kamba, Kima apewe mpini. Kima, mvivu wa kutafuta mpingo, akakata mpapai, akaupaka masizi ukang'aa. Kila ukoo ukapata kipande chake, kila ukoo ukanyamaza.

Kulipokucha Mama Kanga akaenda barazani. "Baba Chifu, mkuki wa mume wangu umevunjika akiuegemea tu!"

Ngiri akasema, "Chuma changu kizima. Rudi ukatage."

Siku ya pili akaenda tena. Swala akafoka, "Kamba yangu haina neno! Unautukana ukoo wangu?"

Siku ya tatu akaenda, miguu inatetemeka, kifaranga mgongoni. Kima akacheka, "Lo! Kanga naye mpiganaji siku hizi!"

Hapo ndipo ninapompendea ndege yule. Anaogopa, anaogopa mpaka madoa yanataka kumtoka, na bado anasema:

"Mimi vita sivijui, wazee wangu. Najua mila tu. Mtoa silaha hulinda nayo lango usiku wa kwanza, na usiku huo hamjaulinda. Leo mume wangu atalala nyumbani. Shikeni mikuki yenu."

Nyati akamtazama Kima, Kima akautazama mkia wake. Jua linazama. Kwii-hi-hi! Fisi huyo, anakaribia. Nyati akatetemeka mpaka pembe.

"Baba Chifu," Kima akanong'ona, "ule... ule ni mpapai."

Nyati akaukanyaga mmoja. Pwaa! Ukapasuka, ndani mtupu. "Waiteni akina Nungunungu! Mbio!"

Wakaja, wala hawakununa. Wakachonga mpingo, wakatia mipini mipya. Fisi aliporuka boma, alikutana na mkuki usiopinda mikononi mwa wazee, akarudi kwao akichechemea, na kicheko kikamwisha.

Asubuhi Nyati akaja mwenyewe kibandani, kichwa chini. "Mama Kanga, wanao na wangu wako hai kwa ajili yako. Ila tafadhali, usimwambie mtu kwamba nilitetemeka."

"Hata mimi nilitetemeka, Baba Chifu. Simwambii mtu."

Basi, wanangu, mjue: silaha haigawiwi kama nyama ya sherehe, kwa maana adui haulizi nani alikushangilia. Na mwoga anayesema kweli ndiye ngome ya boma.

Ngano imefika, chumvi imekwisha. Mama Kanga aliwanong'oneza vifaranga wake tu, nami nimewanong'oneza ninyi. Mwingine simwambii.