Mafundo Matatu ya Makungu

Niitikieni, niseme! Mmeitikia, basi shikeni.

Uzio wa mvuvi Makungu, wa fito zilizochomekwa baharini, ulikuwa na mlango wa samaki kuingilia na mlango wa kutokea. Ada ya pale, mikizi wakianza kuhama, kundi la kwanza huachwa lipite. Mwaka ule Makungu roho ilikuwa juujuu. Akaufunga mlango wa kutokea kwa mafundo matatu, akajitoma ndani na tenga lake, hatulii, hakai.

Mikizi wakafurika uzioni. Kiongozi wao akachomoza kichwa. "Bwana, tufungulie."

"Kasirika uruke tengani!" Makungu akacheka. "Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi."

"Tufungulie, tunafukuzwa."

"Ruka!"

"Basi fungua kwa ajili yako mwenyewe."

"Sifungui!"

Mikizi wakaruka wote kwa pamoja, si tengani bali juu ya fito, wakaenda zao. Nyuma yao, zimwi la bahari likauziba mlango wa kuingilia.

Makungu akayavamia mafundo. La kwanza likagoma. La pili likagoma. La tatu likamng'oa ukucha.

"Usijisumbue, bwana," likasema zimwi. "Umefunga vizuri."

Mimi natokea hapa. Ninyi je, mlango wenu u wazi?