Gari Lililozima Relini

Wahenga walipomsema mficha maradhi, hawakumsema mgonjwa peke yake. Hata gari huugua, na anayelifichia ugonjwa hujichimbia shimo mwenyewe.

Mshonaji alikuwa na gari kuukuu. Ndilo lililompeleka mumewe hospitali kusafishwa damu, maana figo zake zilikuwa zimegoma. Taa ya injini ilipoanza kuwaka, alilipeleka kwa shemeji yake fundi, mdogo wa mumewe. Alimweleza habari ya taa tu. Kwamba gari lilikuwa limemzimikia mara mbili kwenye matuta, na kila mara akakuta fyuzi imeungua na kuchomeka nyingine kimyakimya, hapo alifyata ulimi. Shemeji hakuwa mtu wa masihara. Angemnyang'anya funguo, na mgonjwa angefikaje hospitali?

Mashine ya fundi ilionyesha hitilafu kwenye sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi. Akapima nyaya zake gari likiwa limepoa, limetulia. Zote zikaonekana nzima.

"Shemeji, hakuna jingine uliloliona?"

"Hakuna, shemeji. Ni hiyo taa tu."

Basi fundi akabadilisha sensa, akamrudishia funguo.

Kesho yake alimpakia mumewe. Walipopanda kivuko cha reli, gari liliruka kidogo, likakohoa, likazima. Akazungusha ufunguo, wapi! Mara honi ya treni ikasikika nyuma ya kona. Mumewe, ambaye hata ndoo ya maji ilimshinda, akashuka na kusukuma. Gari likajikokota hadi likavuka, naye akaanguka kando ya njia. Treni ikapita nyuma yao, ardhi ikatetemeka.

Fundi alipofika, aliingia uvunguni. Waya wa sensa ulikuwa umechomoka kwenye kishikio chake. Kila mara gari liliporuka, uligusa bomba la moshi lenye moto. Ganda lilikwisha kuyeyuka, kwa hiyo fyuzi iliungua na injini ikakosa umeme.

"Hii haikuanza leo," alisema. "Ningejua kuwa inaunguza fyuzi, ningeufuata huu waya mpaka mwisho."

Mume, akiwa bado chini, akihema, alimtazama mkewe.

"Ulijua?"

Mshonaji alijifunika uso kwa mikono, akalia kwa hofu na aibu. Alikuwa ameuficha ugonjwa wa gari asije akampoteza mumewe, na nusura ampoteze kwa kuuficha. Kweli, mficha maradhi, kifo humuumbua.