Kisanduku Kisichongoja Jibu

Ndugu waumini, leo nataka tuingie wote jikoni kwa mama mmoja. Tuingie polepole, tuvue viatu mlangoni, tukae kwenye vigoda vyake, maana karibu yote nitakayowaeleza yalitokea hapo.

Mama huyu alikuwa mjane wa miaka sabini na minne. Aliishi peke yake huko milimani, katika nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe, na alifuga kuku kumi na mmoja, kila kuku na jina lake. Alikuwa na presha. Zahanati ilimpa vidonge vya asubuhi na vya jioni, naye akawa anavichanganya. Siku nyingine alikunywa mara mbili kwa sababu hakukumbuka kama ameshakunywa, na siku nyingine hakunywa kabisa.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, aliyefanya kazi mjini, mwendo wa siku nzima kwa basi. Binti huyo alipiga simu kila asubuhi na kila jioni kumkumbusha. Alianza na dawa, kisha wakahamia kwenye habari: mvua imenyesha kiasi gani, kuku yupi ameatamia, nani amejifungua, mchungaji mpya anahubiri kwa muda gani. Dawa ilichukua dakika moja. Hizo habari nyingine zilichukua kumi na tano.

Halafu binti akapata kisanduku.

Kilikuwa kisanduku kizuri, sitaki mtu aondoke hapa akisema nimekisema vibaya. Kilikuwa na vyumba vidogo kumi na vinne, viwili kwa kila siku ya juma, na muuguzi wa zahanati alivijaza vidonge kila Jumatatu. Saa moja asubuhi na saa moja jioni kiliwaka taa na kusema, kwa sauti ya binti mwenyewe aliyekuwa amejirekodi, "Mama, saa ya dawa imefika. Fungua unywe." Mama akifungua kifuniko, simu ya binti kule mjini ilipata alama ya kijani. Nusu saa ikipita bila kufunguliwa, ilipata alama nyekundu na mlio juu yake.

Juma la kwanza lote lilikuwa jekundu. Binti akadhani kifaa ni kibovu, akapiga simu kuuliza. Mama akamwambia hapana, hakina ubovu wowote, kinasema vizuri kabisa, ila hakina adabu.

"Kinaamka tu na kuniamrisha," alisema. "Sauti ni yako, mwanangu, lakini wewe nilikulea mimi. Lini uliwahi kunituma kabla hujaniamkia?"

Binti alicheka mpaka wenzake ofisini wakageuka. Jumapili iliyofuata akajirekodi upya kupitia simu yake, akaanza na shikamoo. Kesho yake kisanduku kikasema, "Shikamoo mama. Saa ya dawa imefika." Mama akaitika marahaba, akafungua, akanywa. Kijani. Jioni, kijani. Juma zima, kijani.

Sasa niwaulize, kosa la yule binti lilikuwa nini? Mtaniambia alisahau shikamoo. Hivyo ndivyo wangenijibu watoto wa darasa la pili, na ningewapa nusu ya alama. Tuendelee kukaa hapa jikoni, nusu nyingine inakuja.

Miezi mitatu ikapita. Binti akawa na raha. Kila asubuhi alitazama simu yake akiwa anafunga viatu, akaona kijani, akaenda kazini akishukuru. Na kwa kuwa alijua mama ameshakunywa dawa, simu ya asubuhi ikaachwa. Baadaye ya jioni nayo ikaachwa. Ikabaki ya Jumapili, na Jumapili nyingine zikapita bure. Msimhukumu haraka. Hakuwa mtoto mbaya. Aliacha kupiga kwa sababu moja tu, kwamba mama yake alikuwa mzima.

Na kule jikoni? Kisanduku kilisema shikamoo, mama akaitika, kisha akauliza kama mzazi yeyote anavyouliza. Hujambo mwanangu, umelala salama? Taa ilikuwa imeshazimika. Kilijua kusalimia, lakini hakikujua kungoja jibu.

Asubuhi moja kuku mmoja aliruka ua akaingia kwenye mahindi ya jirani. Mama akamfukuza huko mpaka saa mbili kasoro. Aliporudi jikoni, simu yake ilikuwa inalia. Binti alikuwa ameona nyekundu, akapiga papo hapo. Mama akamweleza habari za kuku na mahindi, wakacheka wote wawili kwa muda mrefu.

Tangu siku hiyo nyekundu zikaanza kuongezeka. Mara mbili kwa juma, halafu mara nne. Kila mara binti alipiga, na kila mara mama alisema amesahau, atakunywa sasa hivi. Lakini zilikuwepo asubuhi ambazo binti aliingia kikaoni na simu ikabaki kwenye mkoba, asipige. Asubuhi hizo dawa haikunywewa hata kidogo. Muuguzi akapima, akakuta presha imepanda kuliko ilivyokuwa kabla ya kisanduku. Siku moja mama alipata kizunguzungu kwenye banda la kuku, akaanguka, na jirani yake, fundi cherehani, ndiye aliyemwinua.

Jirani akampigia binti. Binti akalia, kisha akaamua. Mama ameanza kupoteza kumbukumbu, alisema, hawezi tena kukaa peke yake. Akasafisha chumba kimoja kwake mjini, akanunua kitanda, akaomba likizo. Nyumba ya milimani ingefungwa. Kuku wangegawiwa majirani. Wala hakumwambia mama, aliona atakataa.

Akapanda basi, akalala kwa rafiki yake kwenye mji mdogo wa bondeni, na asubuhi yake mapema akapanda mlima kwa miguu. Ilikuwa bado dakika tano kufika saa moja alipofika kwenye mlango wa jikoni. Mlango ulikuwa wazi. Alitaka kupiga hodi, lakini akaona kitu kilichomzuia.

Mama alikuwa amekaa mezani, amevaa vizuri, amejifunga kilemba. Bakuli la uji lilikuwa tupu. Glasi ya maji ilikuwa imeshamiminwa na kufunikwa kisahani. Kando ya glasi, juu ya kanga iliyokunjwa, kulikuwa na simu yake.

Kisanduku kikasema shikamoo. Mama akaitika. Hakufungua. Aliinua macho akatazama saa ya ukutani.

Zikapita dakika kumi. Zikapita ishirini. Nawauliza wazazi, nawauliza vijana, mtu aliyesahau humimina maji ya kunywea dawa? Mtu aliyesahau hutazama saa?

Ilipokaribia nusu saa, mama aliichukua simu, akaifuta kwa pindo la kanga, akaiweka mapajani. Na hapo, nje ya mlango, ndani ya mkoba wa binti, alama nyekundu ikaingia na mlio wake.

Binti hakuingia. Alibonyeza namba ya mama palepale aliposimama. Mama akapokea kabla mlio wa kwanza haujaisha, na uso wake, huyo binti alisema baadaye, ulikuwa kama wa mtu aliyefunguliwa dirisha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Dawa nilikuwa nimesahau kidogo, nakunywa sasa hivi. Haya niambie, mmelalaje huko?"

Binti akaingia jikoni, simu bado iko sikioni. Mama akamwona. Akaitazama simu, akamtazama mtoto, akacheka kwa aibu kama mwanafunzi aliyekutwa anakula darasani.

"Nilikuja kukuchukua, mama," binti alisema. "Nilidhani umeanza kusahau."

"Sijasahau hata siku moja," mama akajibu. "Nikinywa kwa saa yake, hunipigii."

Wakanywa chai wote wawili siku hiyo, na dawa ikanywewa. Kitanda cha mjini kikapewa kazi nyingine. Kisanduku hakikutupwa, kiko pale pale mezani mpaka leo. Kilichobadilika ni hiki tu, kwamba sasa binti hupiga simu anapoona kijani. Anasema, "Shikamoo mama, nimeona umekunywa," halafu ananyamaza, anamwacha mama aseme. Miezi miwili baadaye muuguzi alipima presha, akakuta imeshuka, akapima tena kwa kutoamini. Na kifaranga aliyeanguliwa mwezi huo amepewa jina la Kijani.

Sasa tutoke jikoni, tuvae viatu, tujitazame sisi.

Sisi tuliomo humu ni watu wa nyekundu. Mtu akilazwa, tunaenda. Akifiwa, tunajaza uwanja. Akikosa ibada mara tatu, wazee wanatumwa kumtafuta. Hayo ni mema na tuyaendeleze. Lakini yupo mama anayekaa benchi lile lile kila Jumapili, hajawahi kukosa, hajawahi kulalamika. Nani anajua habari zake? Tunamwona, tunasema moyoni, huyu kijani, tunapita. Nyumbani yupo mtoto ambaye hasumbui, naye haulizwi kitu. Nilipokuwa nafundisha shuleni, watoto watoro niliwajua mpaka majina ya wajomba zao. Wale waliofika kila siku niliwawekea alama ya vema kwenye daftari la mahudhurio, basi. Ni wangapi wamelazimika kuchelewa kidogo, kuumwa kidogo, kuanguka kidogo, ili tu tuwapigie?

Vizuri. Basi ongezeni na hili. Mlipokuwa mnasikiliza, kila mmoja wenu alimwona yule binti akasema, ndiye mimi, nitajirekebisha. Lakini tazameni jinsi tulivyoomba asubuhi ya leo vitandani kwetu. Tulimsalimu Mungu kwa heshima zote. Tukasema yetu yote, bila kukosea neno. Tukasema amina, taa ikazimika, tukaondoka. Tulingoja nini? Ndugu zangu, kwa Mungu sisi hatujawa hata yule binti. Tumekuwa kisanduku.

Kwa hiyo kazi ya leo ni ndogo, na nataka ifanyike kabla hamjala chakula cha mchana. Mpigie mtu mmoja ambaye hana shida yoyote. Usimuulize dawa, usimuulize kama yuko salama. Muamkie tu. Na jioni ukipiga magoti, sema machache, kisha ubaki hapo chini kidogo zaidi ya ulivyozoea.

Tusimame sasa. Geuka, umsalimie aliye kulia kwako. Na umngoje amalize kujibu.