Mkubwa Haamkii

Ndugu zangu, hili la leo sikuhadithiwa. Wahubiri wengine wanaokota mifano vitabuni. Mimi hili nimeliona kwa macho yangu haya mawili, nimesimama hatua mbili kutoka kwenye jeneza, karibu kuliko hata ndugu wa marehemu. Shule mnajua niliipita kama mtu anayepita sokoni bila kikapu, lakini macho ninayo. Nikiukazia mlima macho, mlima unaona aibu. Kwa hiyo wale mnaopenda kuzunguka baada ya ibada mkiulizana eti ni kweli, leo nendeni nyumbani mkale.

Kulikuwa na mama mmoja, fundi cherehani. Alishona sare za shule, na mkono wake ulikuwa mwepesi hivi kwamba mtoto angeingia na kitambaa kwapani akatoka amevaa kabla hajamaliza kusema hodi. Mama huyu alikuwa na mdogo wake mmoja tu, wa tumbo moja, mpishi katika shule ya bweni huko mbali. Mbali kiasi kwamba basi linatoka huku na matairi mapya, linafika kule limebakiza rimu.

Mama yao akafariki. Mdogo mtu akaomba ruhusa, mkuu wa shule akamwambia watoto mia nane wako kwenye mitihani, nani atawasongea ugali? Akachelewa. Walimngoja siku mbili, maiti ndani, siku ya tatu wazee wakasema basi, inatosha. Alipofika, udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka. Dada yake alikuwa amekaa mkekani na hakuinuka. Alimwambia mbele za watu kwamba mdomo wake hautasema naye tena, na akaapa kwa kaburi lile jipya. Kiapo cha kaburini mnakijua. Mtu yuko radhi avunjike mguu kuliko kukivunja.

Sasa kuna mchezo wa kwenye simu. Jina lake siliwezi, linataka meno yote thelathini na mawili na mengine ya kuazima. Humo unajenga nyumba yako kijijini, unalima, unafuga, na una kidoli kinachotembea badala yako. Wachezaji wako dunia nzima, na humu ndani wamo. Kijana wa benchi la tatu, nyanya zako ziliiva katikati ya sala ya toba, nilikuona unavuna. Fundi wetu alifundishwa mchezo huo na binti aliyekuwa akishona naye, akawa anaucheza asubuhi, akingoja pasi ya mkaa ishike moto.

Asubuhi moja akakuta pembeni ya nyumba yake kumejengwa nyumba mpya. Mlangoni imeandikwa "Kitindamimba". Akaisogeza simu karibu na macho, maana hilo ndilo jina ambalo mama yao alimwitia mdogo wake tangu anatambaa. Kidoli chenye kilemba cha njano kikatoka ndani, kikaja mpaka mlangoni kwake, kikapiga goti.

Kwao mtoto wa kike anamwamkia mkubwa wake kwa goti, na mkubwa anaitikia. Fundi akalitazama lile goti mpaka mkaa ukawa majivu. Kuitikia hawezi, ameapa. Ndipo akaiona taa ya kibarazani. Katika mchezo ule, ukiigusa, inawaka. Akajiambia kimoyomoyo kwamba kilichoapa ni mdomo, kidole hakikuwepo msibani. Akaigusa. Taa ikawaka, kidoli kikainuka, kikarukaruka kidogo, kikaenda zake.

Ikawa hivyo kila siku. Asubuhi goti, asubuhi taa. Neno hakuna, simu hakuna, mwaka mzima na nusu. Goti likichelewa, dada mtu alijua kwamba kuni za kule shuleni ni mbichi. Na ule moyo, ndugu zangu, uliokuwa mgumu kuliko maharage ya msimu uliopita, ukaanza kuiva taratibu. Ukoo ulikuwa umepanga kulijengea kaburi la mama yao mwezi wa tisa. Fundi akaamua kwamba siku hiyo, mbele ya watu wale wale, ataufungua mdomo. Akanunua kitenge, akakata magauni mawili ya sare, lake na la mdogo wake. La mdogo wake akaliacha bila pindo, maana hakujua siku hizi amenenepa au amekonda. Mipango hiyo hakumwambia mtu.

Basi wenye mchezo wakaleta apdeti.

Mimi nimeona nzige, nimeona mafuriko yaliyobeba kanisa na kwaya ikiendelea kuimba, lakini apdeti ile ilikuwa ya aina yake. Mchezo ulipofunguka, ng'ombe walikuwa wanatembea juu ya mapaa. Visima vimeota mahindi. Kuna mzee mmoja kuku wake elfu nne walipaa angani na mpaka leo hawajatua. Watu wakaenda kulalamika kwenye ukurasa wa kampuni, ukajaa kama gunia la mkaa linalofungwa kwa kamba. Mmoja akauliza mbuzi wake wako wapi, akajibiwa, "Mpendwa mchezaji, tunathamini maoni yako." Mwingine akauliza watarekebisha lini, akajibiwa wanathamini maoni yake. Mwingine akamtukana mwenye kampuni mpaka bibi yake mzaa mama, na hayo nayo yakathaminiwa. Na juu kabisa wakaweka tangazo: "Tumeboresha mchezo kwa ajili yako. Furahia."

Hawakusema kipi kimeharibika. Hawakusema kwamba wachezaji hawawezi tena kufikiana, kwamba kila mtu amebaki peke yake kijijini kwake. Walijua, wakanyamaza. Kuharibika si dhambi, hata suruali yangu hii imeharibika mahali ambapo sitawaonyesha. Dhambi ni kujua na kunyamaza wakati kuna mtu anangoja.

Tena nyumba ya fundi haikuguswa, na hicho ndicho kilichomponza. Kama paa lingepinduka angesema ni apdeti. Hakuwa na ng'ombe wa kumpandia darini. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na pembeni nyumba ya Kitindamimba ilisimama vile vile, mlango umefungwa. Goti tu ndilo halikuja.

Siku ya kwanza akasema ni kuni mbichi. Siku ya pili akasema ni mitihani. Siku ya nne akaiandikia kampuni, herufi moja moja kama anayepachika vifungo: "Mdogo wangu haji mlangoni. Ameacha mwenyewe au ni nyinyi?"

Jibu mnalijua.

Siku ya kumi yule binti aliyeshona naye akashindwa kuvumilia. Fundi alikuwa ameshashona mkono wa shati kwenye shingo mara mbili.

"Mama, si umpigie tu simu?"

"Nimpigie nimwambie nini?"

"Umsalimie."

"Mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa. Mkubwa haamkii."

"Labda ni mchezo wenyewe, mama. Watu wengi wanaulalamikia."

"Sawa, mchezo umemfunga magoti. Na mdomo wake nao umefungwa na mchezo?"

Binti akainamia cherehani. Lilikuwepo swali lililomjia hapo hapo, na ninyi limewajia, naona mnavyotazamana. Lakini aliyekulea kazini humuulizi swali kama hilo.

Siku ya ishirini fundi akalitoa lile gauni lisilo na pindo, akalifumua. Kazi ya siku mbili ilikwisha kwa saa moja. Kitambaa chake akakigeuza foronya, akazitundika mlangoni ziuzwe. Binti anasema hakulia. Anasema alikata nyuzi kwa meno, moja baada ya nyingine, kama mtu mwenye haraka, na hakuna aliyekuwa anamharakisha.

Siku ya thelathini na moja simu ikaita, mchana wa saa nane. Alikuwa ni shemeji yake, mume wa mdogo wake. Hajawahi kumpigia tangu msiba ule. Akamwambia, "Shemeji, kaa chini kwanza."

Fundi akakaa. Mnajua wote mtu akikwambia hivyo kinachofuata ni nini.

Homa ya siku nne tu. Ilianza kama malaria, akanywa dawa akarudi jikoni, siku ya tatu hakuinuka, siku ya nne hospitalini wakamfunika shuka. Fundi alisafiri siku mbili. Safari hii maiti ilingoja. Alifika wakati wa heshima za mwisho, jeneza likiwa sebuleni limefunguliwa, watu wamepanga mstari. Mimi nilikuwa nimeitwa kuhubiri, nimesimama kichwani mwa jeneza, na nilimwona akiingia na mkoba wake bado mkononi.

Mstari ukampisha. Akaja mpaka mbele. Akaweka mkoba chini. Na yule mama, dada mkubwa, akapiga goti. Magoti yote mawili, sakafuni.

"Shikamoo, mdogo wangu."

Shangazi yao akamsogelea, akamshika bega, akamnong'oneza kwamba watu wanatazama, ainuke, yeye ndiye mkubwa, mkubwa haamkii.

"Niache, shangazi. Nangoja aitikie."

Akangoja. Mimi niliyezoea kusema hata pasipo na wasikilizaji, siku hiyo niliifunga Biblia. Wanaume wanne ndio waliomwinua.

Jioni tumerudi kutoka makaburini, tumekaa mkekani, simu yake ikatetemeka ndani ya pindo la khanga. Kule kwenye kampuni walikuwa wamerekebisha, bila kusema, kama walivyoharibu bila kusema. Na salamu zote zilizokuwa zimekwama njiani zikashuka kwa mkupuo. Mlango wa Kitindamimba ukafunguka. Kidoli cha kilemba cha njano kikatoka, kikaja, kikapiga goti. Kikainuka, kikapiga tena. Kikainuka, kikapiga tena. Magoti thelathini, moja kwa kila asubuhi, hata zile za homa, mbele ya taa ambayo haikuwaka. Mdogo mtu naye alikuwa akitazama taa ile kila siku, akidhani dada yake ameamua kutoitikia tena. Fundi akaigusa kwa kidole. Taa ikawaka. Kidoli kikabaki pale pale, goti chini.

Sasa nawauliza, kosa ni la nani? La kampuni? Naona vichwa vinakubali haraka haraka, maana kampuni haiko humu ndani. Ilikosa, ndiyo, ilijua ikanyamaza. Lakini kampuni haikuapa kaburini. Kampuni haikumzuia dada kubonyeza namba aliyoijua kwa kichwa kuliko hata umri wake. Salamu ilikuwa na njia mia, sisi tukaiachia njia moja, tena ya kuchungulia, halafu njia ilipokatika tukasema amenidharau.

Na sisi tuliomo humu? Mama, yule mkweo unayepishana naye kisimani, unangoja akuamkie mpaka lini? Mzee, mwanao alikosea, ni kweli, na wewe mwaka wa saba huu unapokea habari zake kwa kupeleleza picha zake kwa simu ya jirani. Mnavyokaa benchi moja hapa wawili mmetengana kama mna mto katikati, mimi sioni? Tunaiita heshima. Tunasema mimi ndiye mkubwa. Haya, Mungu ni mkubwa kuliko wakubwa wote, na kama naye angengoja tumwamkie ndipo atutazame, nani angekuwa hai leo? Yeye alitangulia. Alishuka akaja mpaka mlangoni, sisi tukiwa tumenuna. Sasa wewe unayengoja shikamoo, ukubwa wako umeutoa wapi unaozidi ule?

Ukimya wa mwenzako usiupe maana wewe. Muulize. Aibu ya kutangulia ni ya dakika moja. Ile nyingine haina mwisho.

Naona mnafuta machozi, na mimi hapa nilipo nimesimama madhabahuni, kwa hiyo acheni niseme jambo moja. Jeneza niliona. Goti la dada mtu niliona. Kuku, basi, huenda walikuwa elfu tatu. Lakini yale magoti thelathini nimeyatia mimi.

Simu ilitetemeka, hiyo ni kweli. Ila kampuni ilikuwa imekifuta kijiji chote na kuanza upya. Alipofungua akakuta uwanja mtupu, nyasi tu, nyumba ya Kitindamimba haipo. Akamuuliza shemeji yake kama marehemu alikuwa akimwamkia siku zile. Shemeji akasema, "Mambo ya simu yake sikuwa nayaangalia, shemeji." Ndivyo ilivyoishia. Hajui kama mdogo wake alipiga goti mpaka mwisho au alichoka siku ya kwanza, na hakuna mtu chini ya jua wa kumwambia.

Niliwatungia yale magoti kwa sababu nilishindwa kuwaacha mtoke humu mikono mitupu. Yeye alitoka mikono mitupu.